Miti ya Mazishi ya Mama

Kazi yangu ni kuwaambia watu wakate miti. Nikisema hivyo mbele ya wageni, wengi hudhani ulimi umeteleza, maana mtu wa mazingira anatarajiwa kupanda, na picha zetu zote ni za watu waliochuchumaa na mche mkononi. Mimi pia hupanda. Lakini huku Kisii na Nyamira, chemchemi ikianza kukauka, mara nyingi huna budi kuanza na msumeno, na wa kwanza kuanguka ni mkaratusi, ambao kila mtu hapa anauita blugamu. Mti huo una kiu isiyoisha. Uweke karibu na jicho la maji, na baada ya miaka kadhaa utakuta mti umenenepa na jicho limebaki tope.

Wanaoniajiri huniita mshauri wa vyanzo vya maji. Leo ni kaunti, kesho mradi wa kanisa, kesho kutwa watu wa kiwanda cha chai. Natembea bonde zima kwa miguu, naangalia udongo unavyoporomoka, nauliza akina mama wanateka maji wapi na zamani waliteka wapi, kisha naandika ripoti ambayo watu wawili au watatu wataisoma. Ni kazi ya kugombana na watu wapole. Huku kwetu baba hugawia kila mtoto wa kiume ukanda mwembamba wa shamba unaoanzia barabarani juu na kuteremka hadi kwenye kijito. Juu kuna chai na nyumba, katikati migomba na nyasi za ng'ombe, na chini kabisa, penye maji maji, ambapo chai inakataa, kuna blugamu. Kwa hiyo chemchemi moja inazungukwa na ncha za mashamba ya jamaa chungu nzima, na kila mmoja ana miti yake pale, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Sasa niseme jambo ambalo huwa siliweki kwenye ripoti. Miti hiyo baadhi yake niliileta mimi.

Nilikuwa msichana tu, afisa wa nyanjani aliyeajiriwa juzi, na viatu vya mpira vilivyonizidi mguu. Lori lilimwaga miche sokoni Ikonge, nasi tukatumwa vijijini kuhubiri. Tulihubiri kwamba blugamu inakausha mabwawa, inakua haraka, inatoa kuni na nguzo, na mtu asiye nayo amelala. Nilihubiri kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni ile nilimpelekea baba yangu sanduku zima la miche nikiwa nimelibeba kichwani, na yeye, kwa fahari ya kuwa na binti serikalini, aliipanda yote kuizunguka ensoko, chemchemi iliyo chini ya boma letu, ambayo nilikuwa nikiteka maji yake tangu nilipoweza kubeba kopo. Alipomaliza alinyosha kidole akagawa. Mistari ya juu ni yangu, alisema. Hii iliyo karibu na maji ni ya mama yenu.

Hakuna aliyemuuliza maana yake. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, na kuanzia siku anapofariki hadi siku ya kuzikwa, na hata baada yake, watu wanamiminika. Wote wanapewa chai, wote wanakula, na sufuria za msibani ni kubwa kiasi cha kumwogesha mtoto ndani. Zinataka kuni, tena kuni nyingi. Familia isiyo na kuni, mtoto wa kiume wa marehemu anapita lango kwa lango akiomba, na jina la marehemu linatembezwa naye. Wazee waliogopa jambo hilo kuliko walivyoogopa kufa. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake anapanda miti ya kumzika, na bonde zima linajua ipi ni ya nani. Miti hiyo haiguswi kwa paa la nyumba wala kwa karo ya shule. Shoka likisikika pale, watu wanajua kuna mtu ameondoka.

Baba alipoondoka, mistari yake ilikatwa. Moto haukuzimika siku zote zile. Nakumbuka mama, akiwa katikati ya kilio chake, alisimama kando ya jiko la nje akatazama moshi unavyopanda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Hakuna aliyeombwa." Alisema vile mtu anavyotaja kazi iliyofanywa vizuri. Nilimwona ametulia kidogo baada ya hapo.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikahamia Kisii mjini, nikaacha kazi ya kuajiriwa na kuanza kujitegemea. Nilisoma tena, na katika kusoma nikajifunza kwamba yale niliyohubiri ujanani yalikuwa kweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo iliyokuwa ikitumaliza. Nilikata blugamu za watu Keumbu, nikakata za watu kule mpakani na Bomet, nikaona chemchemi zikifufuka. Nikaanza kuvimba kichwa. Kwetu nilikuwa nikienda kusalimia tu, nakunywa chai, narudi.

Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyenifungua macho. Alilazwa kwa homa ya matumbo. Nilipokwenda kumwona hospitalini aliniambia kwamba ensoko sasa ni ya kukwangua kwa bakuli, na ukikwangua unapata vikombe viwili vya maji na vitatu vya tope. Wanawake wote wa lile bonde walikuwa wanateremka hadi mto mkubwa, ng'ambo ya kituo cha kupimia chai, mahali wanaponyweshwa ng'ombe. "Wewe unawatengenezea watu maji kila mahali," alisema, akageuza uso ukutani.

Kwa hiyo mradi mmoja wa maji ulipotafuta mtu wa kufufua chemchemi za bonde letu, ningepaswa kusema hapana, wampeleke mtu mwingine asiye na mama pale. Sikusema hapana. Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu ya kulipia, na pia, tusidanganyane, nilitaka watu wa kwetu wanione nikifanya kazi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Nilibandika ramani, nikaeleza maji yanavyotembea ardhini, nikaeleza mizizi. Nilisema vizuri, hilo najua. Nilipokaa, alisimama mwalimu mstaafu, jirani yetu wa ukanda wa pili, mtu mtaratibu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Kwa kuwa wageni wa mradi walikuwepo, alisema kwa Kiswahili.

"Madam, hiyo maneno yote tumesikia, na ni ya ukweli. Lakini blugamu yenye iko karibu na maji kushinda zote ni ya mama yako. Wewe anza kwenu. Ukikata ya mama, sisi tutakata zetu. Usipokata, usitusumbue tena."

Watu hawakucheka wala hawakunung'unika. Waliitikia tu, mmoja mmoja, nami nikaelewa kwamba bonde zima limefungwa kwenye mistari michache ya miti iliyotengewa mazishi ya mama yangu.

Kesho yake nilikwenda nyumbani na wageni wawili wa mradi pamoja na mwenyekiti wa kamati ya maji. Mama alitupokea vizuri mno. Alitandaza kitambaa mezani, akaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akauliza habari za mtu mmoja mmoja. Nikatoa fomu ya ridhaa nikamweleza kwa Ekegusii, lugha yetu. Alinitazama, akawatazama wageni, akanitazama tena. Kisha akauliza aweke kidole wapi.

"Kama ni wewe umesema," aliniambia, na akaweka.

Hapa ndipo watu wanaonisikiliza huniambia kwamba nilikosea tu, kwamba nilidhani ameridhika. Ningependa iwe hivyo. Ukweli ni kwamba mama wa kwetu hawezi kumkatalia mtoto wake mbele ya wageni. Afadhali apoteze shamba kuliko kumvunjia mtoto heshima mbele ya watu aliowapikia chai. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana nilikwenda na wageni. Sikusahau mila, niliitumia, na hadi leo naona aibu kuiandika sentensi hii.

Kaka yangu hakuwepo siku ile. Aliposikia alinipigia simu. Kaka si mtu wa hasira, na hata siku ile hakukasirika. Alisema, "Wewe umeolewa. Ukimaliza hii kazi utarudi kwako. Mimi ndiye nitapita kwa malango ya watu." Nikamjibu kwamba siku hizi kuna gesi. Akakata simu.

Kumpata wa kukata kukawa kazi nyingine. Wenye misumeno ya petroli pale Ikonge nawajua. Wa kwanza aliniambia mnyororo umekatika. Wa pili alikuwa na mgongo. Wa tatu alisema atakuja Jumatatu, na Jumatatu simu yake ikazimwa. Niliwalaumu kwa uvivu, mimi mwenye macho nisiyeona wanachokiogopa. Mwishowe nikamchukua fundi mmoja Kisii mjini, mtu wa kaunti za ziwani, aliyekuwa akipasua mbao karibu na soko. Alikuja asubuhi na mapema na vyombo vyake, akatazama miti, akatazama juu kwenye boma.

"Madam," aliniuliza, "hapa pako sawa kweli? Kuna mzee nimepita yeye huko juu, nimemwambia nakuja kukata hii, akavua kofia."

Nikamwambia awashe mashine.

Wifi alikuwa ameteremka mto mkubwa kuteka maji. Kaka alikuwa amekwenda Nyamira, sidhani alikuwa na shughuli huko. Mama alikuwa peke yake mlangoni, amekaa kwenye kigoda chake, anachambua chinsaga, mboga yetu chungu, kwa ajili ya mchana. Mimi nilikuwa chini bondeni na fundi. Mti wa kwanza ulianguka, wa pili ukaanguka, na kati ya wa pili na wa tatu, mashine ilipozimwa kidogo, nikasikia kilio.

Kilitoka upande wa barabara. Halafu kingine kikatoka ukanda wa jirani, halafu vikawa vingi, vinashuka na kukaribia. Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikaacha kila kitu nikapanda mlima nikikimbia, na si umri wangu wa kukimbia mlima.

Walikuwa wamesikia msumeno kwenye miti ya mama, wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa bonde lile angefanya. Walifunga leso viunoni wakaja. Mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine ameshika kuku miguu, mwingine analia jina la mama na kumtaja kwa mtama aliompa mwaka wa njaa. Walizunguka kona ya nyumba kwa pamoja, wakamkuta amekaa na ungo wa mboga magotini.

Mimi nilifika wakati ule ule. Kilio kilikatika kama kilivyoanza. Yule aliyekuwa mbele alipiga magoti. Kumlilia mtu aliye hai ni jambo baya kwetu, ni kama kumwitia kifo. Wale wanawake walinitazama mimi. Kila mmoja wao alikuwa amekuwepo kwenye mkutano, lakini hakuna aliyeamini kwamba ningethubutu.

Mama aliweka ungo chini.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kunizika?"

Akawatazama mmoja baada ya mwingine, ndizi, kuku, leso viunoni.

"Bado," akasema. "Lakini mmekuja. Kaeni."

Akaamuru kuku achinjwe na ndizi zimenywe. Kisha akanigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu asubuhi. "Mwambie mtu wako alete kuni," alisema. Fundi akaja ameburuta matawi mabichi, yakatoa moshi wa kututoa machozi sote hata waliokuwa wamekwisha nyamaza. Walipika, wakala pamoja na mama pale uani. Mwanzoni kila mmoja aliongea kwa kunong'ona. Baadaye mama alimwambia yule aliyetaja mwaka wa njaa kwamba alikosea, haukuwa mtama bali mahindi, na arekebishe kabla ya siku yenyewe. Wakacheka kidogo.

Walipoinuka kuondoka, mama aliwaambia kila mmoja achukue gogo. Walikataa. Akasisitiza, akasema amekwisha kuliliwa na hawezi kuwaacha waliomlilia waende mikono mitupu. Siku zilizofuata aliendelea kugawa, hadi vigogo vyote vikaisha. Nilimsihi avipange ghalani vikauke, tumwekee. Nilimwambia mimi mwenyewe nitajenga kibanda cha kuvikinga na mvua.

"Niviweke mlangoni vikae vikinitazama?" aliuliza. "Chukua na wewe ukitaka."

Sikuchukua.

Mwalimu mstaafu alitimiza neno lake. Wiki ile ile msumeno ulilia kwenye ukanda wake, halafu kwa jirani yake, na kabla ya masika bonde lote lilikuwa wazi kiasi kwamba ungeweza kuona ng'ambo. Tulipanda mikuyu na mianzi, tukazungushia ua, tukapanda nyasi za kuzuia udongo. Lakini blugamu haifi kwa kukatwa. Visiki huchipua, na visipofyekwa kila mara vinarudi na nguvu kuliko mwanzo. Nilikuwa nimeandika katika ripoti kwamba kamati itafyeka. Kamati haikufyeka, kamati huwa hazifyeki. Siku moja nilifika bila taarifa nikakuta visiki vya mama visafi, nikamsifu kaka. Wifi akaniambia si kaka. Ni mama, anateremka na panga kila baada ya siku chache, anachukua asubuhi nzima kwenda na kurudi, na ukimzuia anakasirika.

Nilimfuata nikamwambia aache, ataanguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile.

"Mmekata mkaacha," alisema. "Mti umekatwa na unateseka, hauko hai na haujafa. Huko mlisoma nini?"

Chemchemi haikurudi mwaka ule. Nilikaa roho juu, maana kama isingerudi ningekuwa nimempokonya mama mazishi yake bure. Baada ya masika ya mwaka wa pili ardhi ikawa laini chini ya mguu. Kiangazi kilichofuata haikukauka. Kisha kukawa na kijiuzi cha maji kinachotoka kwenye jiwe, tukaweka bomba na sakafu ya saruji, na wanawake wakaacha kwenda mto mkubwa. Wifi hakuwahi kunishukuru kwa maneno. Aliniwekea chai siku moja akasema ni ya maji ya ensoko, akasimama hadi nikaimaliza.

Mama naye aliyanywa. Sijui nilitarajia nini, labda akatae. Aliyanywa kama mtu anavyokunywa maji. Siku moja tukiwa wawili nilijikaza nikamuuliza kama alinisamehe.

"Umetoka Kisii kuja kuniuliza hayo," alisema, "au umekuja kunisalimia?"

Nikasema nimekuja kumsalimia. Akaniuliza habari za watoto.

Alifariki katikati ya mvua, saa nne asubuhi, kitandani kwake, wifi akiwa amemshika mkono. Mvua ilikuwa ya kutwa kucha. Kuni zilizokuwa jikoni zilitosha chai ya siku mbili. Siku ya tatu kaka alivaa koti, akachukua mwavuli, akatoka. Hakuniita. Nilimfuata tu, nikatembea nyuma yake kwenye tope.

Bonde zima halikuwa na blugamu, kwa sababu yangu. Tulipita lango kwa lango. Kila tulipofika, kaka alisema maneno yale yale, akiwa ameinamisha kichwa, "Mama ametuacha, na hatuna kuni." Alisema hivyo kwa mwalimu mstaafu, aliyeingia nyuma ya nyumba na kutoka na mzigo wa matawi ya michai iliyopogolewa. Alisema hivyo kwa jirani wa tatu, aliyetoa nguzo za ua wa zamani. Palipokuwa na kidogo tulipewa kidogo. Boma moja walitupa gunia la magunzi. Boma jingine walisema wamebakiwa na za kupikia wenyewe tu, na nikaona ni kweli. Kaka alishukuru kote. Hakunilaumu njia nzima, hakunigeukia hata mara moja, na nilisikia sentensi ile mara nyingi kiasi kwamba hata sasa nikiwa peke yangu barabarani hunijia kwa sauti yake.

Siku ya mazishi mvua ilipungua. Watu walijaa chini ya mahema. Sufuria zilichelewa, moto wa matawi ya chai unawaka kwa fujo na kuzimika, na wapishi walikuwa wakipuliza hadi macho yamewaiva. Harufu ya moshi mbichi ilienea hadi kwenye jeneza. Nikaitwa kusema kwa niaba ya mabinti. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya maisha ya mama. Nilipofika kwenye kipaza sauti niliukunja.

"Mmeombwa kuni," nilisema. "Mama hakutaka mwombwe. Mama alikuwa na kuni zake. Mimi ndiye niliyezikata akiwa hai, na nilimfanya akubali mbele ya wageni kwa sababu nilijua hataweza kukataa."

Mvua ilidondoka pembeni mwa hema. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikatoka upande wa wapishi. Alikuwa yule aliyepiga magoti uani siku ile, sasa amesimama na mwiko mkononi.

"Tunajua," alisema. "Na sisi ndio tulizichoma. Ondoka hapo, wageni hawajala na maji ya kupikia yameisha. Wewe si binti wa hapa? Chukua mtungi."

Nikaweka kipaza sauti chini. Mtu alinipa mtungi wa plastiki na ngata ya majani ya mgomba, nikavua viatu vya kanisani, nikateremka njia ya utelezi nikiwa na nguo yangu nyeusi. Bondeni kulikuwa na wanawake wachache wamepanga mstari. Walinipisha nipite mbele kwa kuwa ni mimi niliyefiwa. Niliinama nikaweka mtungi chini ya bomba. Hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mama afariki, nimeinama vile vile na mkono umeshika mpini. Sikuwa nimefika hata nusu ya kulia kwangu mtungi ukajaa ukafurika, ikabidi niuinue nisogee, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu anangoja maji.